Nyika za Edale kwa treni: jibu kwa dada wa Leicester asiye na gari

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 43, mzaliwa wa Tanga, na ninafanya kazi ya kutunza wazee hapa Leicester. Sina gari wala leseni. Nimeona picha za nyika za milimani zenye maua ya zambarau, nami ninatamani kwenda kutembea siku mbili pamoja na watu wengine, tukiongozwa na mtu anayeijua njia, kwa sababu nimeishi hapa miaka sita na watu ninaowafahamu ni wa kazini tu. Je, bila gari inawezekana? Nitamudu? Nitakubalika? Na je, itakuwa vibaya nikibeba chakula changu mwenyewe?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Inawezekana, na kwa mahali nitakapokuelekeza ningekushauri uende kwa treni hata kama ungekuwa na gari lako mlangoni. Mahali hapo ni Edale, kijiji cha kaskazini mwa Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ambayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Nimekuwa nikiongoza matembezi huko kwa miaka kadhaa sasa, na wengi wa wageni wangu hufika kwa reli.

Sababu yangu ni hii. Mwenye gari hana budi kurudi pale alipoliacha, kwa hiyo siku yake yote hufungwa katika mzunguko, ilhali abiria wa treni anaweza kuteremka stesheni moja, akavuka mlima kwa miguu, akapanda treni ya kurudi katika stesheni nyingine. Reli ya bonde la Hope, iliyofunguliwa mwaka 1894 kati ya Sheffield na Manchester, ni kama ilijengwa kwa ajili hiyo: Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope na Edale zimefuatana bondeni, na juu ya kila moja kuna njia ya kupanda. Kutoka Leicester utapanda treni ya moja kwa moja hadi Sheffield, safari ya kama saa moja, kisha utahamia treni ndogo inayosimama kila kituo, ambayo huchukua zaidi kidogo ya nusu saa kufika Edale. Jihadhari na treni za haraka zinazokwenda Manchester kwa reli hiyo hiyo, kwa maana huzipita stesheni ndogo bila kusimama. Soma orodha ya vituo kwenye ubao kabla ya kupanda. Baada ya kuuacha mji, treni huingia katika handaki refu la Totley, lenye urefu unaokaribia kilomita sita, na itakapotoka upande wa pili utajikuta Grindleford, miti imeigusa stesheni pande zote. Nimewaona watu wakinyamaza kimya pale, simu mkononi, wakitazama nje.

Jambo moja la kuangalia mapema ni ratiba ya Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ambayo mafundi hupenda kufunga reli kwa matengenezo, na treni hubadilishwa na basi. Angalia ratiba wiki moja kabla, kisha iangalie tena Ijumaa jioni. Mkiwa watu watatu au zaidi mnaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano, ulizia nauli ya kikundi, kwa kuwa hupunguza theluthi moja ya bei.

Sasa nikueleze nyika yenyewe, maana humo ndimo ilimo sababu ya kuhitaji kiongozi. Nikisema nyika hapa, usifikirie nyika ya kwetu ya michongoma na jua kali. Ukipata kuzungumza na mtu aliyepanda Kilimanjaro, muulize juu ya ule ukanda unaoanza pale msitu unapokwisha, penye vichaka na ukungu. Vichaka vile na hivi vya Edale ni vya jamii moja, ila vya huku hufika magotini tu. Waingereza huviita heather, na ndivyo vinavyotoa maua ya zambarau uliyoyaona pichani. Maua hayo hukolea mwezi Agosti na kufifia mapema Septemba, kwa hiyo kama ni hayo unayoyafuata, usiende Mei.

Chini ya vichaka hivyo hakuna ardhi ngumu. Kuna udongo mweusi wa mboji, uliojilimbikiza kwa maelfu ya miaka kutokana na mimea iliyokufa majini bila kuoza yote, na mahali pengine kina chake hupita kimo cha mtu. Juu ya Kinder Scout, mlima unaosimama nyuma ya Edale wenye kimo cha mita 636, maji yameikata mboji hiyo ikawa mitaro mingi inayopindapinda na kukatana, ambayo mtu akiingia ndani yake haoni chochote isipokuwa kuta nyeusi na kipande cha mbingu. Maji yanayopita humo yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukikanyaga mahali panapong'aa kijani kibichi kuliko pengine, mguu unaweza kuzama hadi gotini, na utakapouvuta utasikia sauti kama ya kuzibua chupa. Hudhuriki, ila soksi zako zimekwisha kazi kwa siku hiyo. Ukungu ukishuka, na hushuka ndani ya robo saa, kila mtaro hufanana na mwenziwe. Anayeutegemea ukingo wa mlima na dira atatoka; anayeitegemea simu yenye chaji kidogo na mtandao unaokuja na kupotea atazunguka. Hii ndiyo maana ya kiongozi huko, dada. Bondeni kila mtu anaweza kujiongoza.

Basi kiongozi umchague vipi? Kama ni mtu unayemlipa, muulize kama ana cheti kinachoitwa Hill and Moorland Leader, kilichowekwa mahsusi kwa viongozi wa nyika za aina hii. Kama ni kiongozi wa kujitolea wa chama, kwa mfano Ramblers, chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1935 na chenye vikundi karibu kila wilaya, pengine hana cheti hicho, ila ameipita njia ile mara nyingi, nawe unaruhusiwa kujaribu matembezi machache bila kulipa kabla ya kujiunga. Kwa vyovyote uliza maswali haya matatu: njia ina kilomita ngapi na inapanda mita ngapi, mwendo wa kikundi ni wa namna gani, na je, yuko mtu wa kukaa nyuma kabisa, ambaye hakuna anayeachwa nyuma yake?

Swali hilo la tatu ninalisisitiza kwa sababu lilinifika. Mwaka wangu wa kwanza nchini humu nilitoka na kikundi kimoja, watu wema, lakini kiongozi wake alikuwa na miguu mirefu na mazungumzo matamu na wale wa mbele, na nyuma hakuweka mtu. Nilisimama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa ukungu ulikuwa umewameza wote. Nilisimama pale pale kwa dakika kumi na tano hivi, nikiita, mpaka mmoja wao akarudi kunitafuta. Tangu nilipoanza kuongoza mimi mwenyewe, sijawahi kuondoka stesheni kabla sijamtaja kwa jina mtu wa nyuma, na kuwahesabu watu kwa sauti.

Kuhusu kumudu, nitakupa hesabu badala ya kukutia moyo tu. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti aliyeitwa Naismith, ya mwaka 1892, inayosema kwamba mtembeaji huhitaji saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa Kinder ninaokupendekezea una kilomita 14 hivi na unapanda kama mita 450, yaani saa tatu na nusu na dakika chache. Kikundi cha watu kumi na wawili kinachosimama kula, kupiga picha na kusubiriana hutumia saa sita. Wewe umezoea zamu za kusimama mchana kutwa, kwa hiyo pumzi na uvumilivu unavyo. Kitakachokutesa ni kuteremka, kwa sababu magoti ya mtu wa tambarare hayajazoea kazi hiyo. Kwa wiki sita kabla ya safari nenda Bradgate Park, ambayo iko karibu na Leicester na inafikika kwa basi, ukapande na kuteremka kile kilima cha mnara wa Old John, mara mbili siku ya kwanza, mara nne baadaye. Kina mita 212 tu juu ya usawa wa bahari, lakini mawe na mteremko wake vitakufundisha namna ya kuweka mguu.

Nimeliacha kwa makusudi swali la kukubalika hadi sasa, kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Sitakuficha: katika baadhi ya vikundi utakuwa mtu mweusi peke yako, na pengine mwenye hijabu peke yako. Watu watakutazama mara moja, kisha watakuuliza umetoka wapi leo kwa treni, maana hiyo ndiyo salamu ya watembeaji. Lakini ijue historia ya mahali unapokwenda. Mwaka 1900 fundi wa viwanda wa Sheffield aliyeitwa G. H. B. Ward alitangaza matembezi ya Jumapili, na kikundi kidogo cha wanaume kwa wanawake kikapanda treni naye hadi Edale, kikatembea kuuzunguka Kinder Scout. Hawakuwa na magari. Walikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki, kama wewe unavyohesabu zako. Wakati huo nyika ya juu ilikuwa mali ya matajiri waliowinda ndege, na walinzi waliwafukuza watu. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walikusanyika Hayfield upande wa pili wa mlima, wakaongozwa na Benny Rothman kuupanda Kinder bila ruhusa. Watano wakafungwa jela, na kifungo hicho kikawaudhi watu wengi kuliko kitendo chenyewe. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, na ile iliyompa kila mtu haki ya kutembea juu ya nyika zilizo wazi ikaja mwaka 2000. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu wa rangi moja, wala kwa ajili ya wenye magari.

Isitoshe, wapo waliokutangulia. Mwaka 2004 Maxwell Ayamba, mzaliwa wa Ghana anayeishi Sheffield, alishirikiana na wenzake kuanzisha kikundi cha wanaume weusi cha kutembea milimani humu kwa ajili ya afya zao. Mwaka 2019 Rhiane Fatinikun alianzisha Black Girls Hike, cha wanawake weusi, na baadaye kikaja Muslim Hikers, ambacho hupanga matembezi yake kwa kuzingatia sala. Ushauri wangu ni kwamba wikiendi ya kwanza uende na mojawapo ya vikundi vya aina hii kama tarehe zao zinakufaa, na ya pili uende na Ramblers wa Leicester, kwa sababu hao ndio utakaokutana nao tena Jumapili ijayo karibu na kwako, na urafiki hujengwa kwa kukutana tena.

Mambo mawili matatu ambayo pengine ungeona haya kuyauliza. Watembeaji wengi wana mbwa. Tangazo la matembezi kwa kawaida husema kama mbwa wanaruhusiwa, kwa hiyo chagua lisiloruhusu ikiwa jambo hilo linakusumbua. Siku huishia baa. Usiikwepe, kwa sababu meza ile ndiyo sebule ya kijiji. Agiza chai au maji ya limau, ukae na wenzako, na hakuna atakayekuhoji. Sala ya adhuhuri katika kiangazi cha Uingereza huingia baada ya saa saba mchana, ambao ni wakati wa kikundi kula, basi mwambie kiongozi asubuhi, naye atachagua pahali penye kinga ya upepo. Ukiwa na dira, kibla iko kusini-mashariki. Choo cha mwisho kipo karibu na stesheni ya Edale. Baada ya hapo ni mawe na vichaka, kwa hiyo beba karatasi na mfuko wa kuirudisha.

Kwa malazi una njia tatu. Ya kwanza ni kulala Sheffield na kwenda bondeni kila siku kwa treni. Ni rahisi kwa mfuko, lakini siipendi kwa mtu anayetafuta wenzake, kwa sababu mazungumzo ya kweli huanza jioni, viatu vikiwa vinakauka. Ya pili ni hosteli ya bondeni, ambamo vikundi vingi hukodi vyumba na kupika pamoja. Hiyo ndiyo ningekuchagulia. Ya tatu ni kununua wikiendi nzima, chakula, chumba na viongozi, kutoka shirika kama HF Holidays, lililoanzishwa mwaka 1913 na T. Arthur Leonard, mchungaji aliyeanza kwa kuwapeleka wafanyakazi wa viwanda vya nguo milimani mwaka 1891 ili wasizimalize likizo zao ulevini. Hapo utapangiwa viwango tofauti vya matembezi na utakula meza moja na wengine. Nyumba yao ya Peak District, hata hivyo, iko Thorpe, jirani na Ashbourne, mji usio na reli, na nchi ya huko ni ya mawe ya chokaa na majani laini. Ni pazuri, ila siyo nyika unayoitaka.

Vaa suruali ndefu ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi, ambayo pia itakukinga na kupe, kisha fulana ya michezo na sweta. Jinzi ikilowa huwa nzito na huganda mwilini, iache nyumbani. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, na uvivae kazini wiki mbili kabla ya safari. Koti la mvua na suruali ya mvua ni lazima hata jua likiwaka stesheni, kwa kuwa juu kuna upungufu wa digrii mbili au tatu kabla hujaongeza upepo. Soksi za akiba, tochi ya kichwani, filimbi, maji lita moja na nusu, chupa ya chai. Ajali ikitokea, piga 999, uombe polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu.

Jumamosi, basi, mtatoka Edale saa nne asubuhi, mkapita mashamba ya kondoo hadi Upper Booth, kisha daraja dogo la mawe na ngazi ndefu iitwayo Jacob's Ladder. Hii ni sehemu ya Pennine Way, njia ya kilomita 431 inayoanzia hapa Edale na kuishia Scotland, iliyofunguliwa mwaka 1965. Pandeni polepole. Juu mtaufuata ukingo wa kusini wa Kinder kati ya mawe makubwa meusi ambayo upepo umeyachonga kama magunia na viti, na bonde lote litakuwa mkono wenu wa kulia hadi mtakapoteremka kuingia kijijini.

Jumapili ndipo faida ya treni itakapoonekana. Mtapanda kutoka Edale hadi Hollins Cross, njia ambayo wenyeji waliipita na majeneza ya wafu wao kwenda kuzika Castleton, kabla Edale haijapata kanisa lake. Mtakwenda kulia kuona Mam Tor, mita 517, kisha mtarudi na kuufuata mgongo wa mlima kuelekea mashariki, Back Tor, halafu Lose Hill, bonde la Edale upande mmoja na la Hope upande wa pili. Kileleni pa Lose Hill panaitwa Ward's Piece: ni ardhi ambayo watembeaji walimkabidhi Ward, yule yule wa treni ya mwaka 1900, mwaka 1945, naye akaitoa kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya kale, ili ibaki wazi kwa wote. Kutoka hapo mtateremka hadi kijiji cha Hope, mtembee robo saa nyingine hadi stesheni, na treni ya Sheffield itawakuta. Wenye magari watakuwa wanarudi Edale kuyafuata.

Sasa chakula chako. Kibebe, dada, na ubebe zaidi ya chako. Wenyeji huja na mkate wenye jibini katika karatasi, kila mtu na wake, na hula wakitazama mbele. Siku moja mwanamke mmoja wa Mombasa katika kikundi changu alifungua kopo la sambusa juu ya Kinder, upepo ukivuma, akalipitisha kwanza kwa mzee mmoja aliyekuwa hajamsemesha mtu tangu asubuhi. Mzee alikula mbili, akauliza zimetiwa nini, na kutoka hapo hadi Edale walitembea pamoja, yeye akimwonyesha majina ya vilima, mwanamke akimweleza bizari na iliki. Chapati zikunje na karatasi ya alumini zikiwa bado moto, kisha kitambaa, uziweke katikati ya begi karibu na chupa ya chai, na hadi saa saba zitakuwa laini.